Gari, soko, kaunta au meza: ule wapi chakula cha mahali ukiwa katika miji ya Marekani

Anayekwenda New Orleans, Philadelphia au Los Angeles kwa siku chache hakosi kuambiwa ale nini. Majina ya vyakula anayo tayari kabla hajapanda ndege. Kinachomtatiza akishafika ni aina ya mahali pa kulia, kwa sababu chakula kile kile huuzwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina bei yake, muda wake na taratibu zake ambazo hakuna anayekueleza mlangoni. Po'boy, ule mkate mrefu wa New Orleans uliojazwa kamba wa kukaanga, ukiununua kaunta unalipa na kwenda zako. Ukiuagiza mezani kwa mhudumu, hesabu inapanda kwa robo nzima na saa moja imekwenda.

Tunalinganisha njia nne: gari la chakula au mkokoteni wa barabarani, soko la ndani lenye vibanda, duka la kaunta unapoagiza mwenyewe, na mgahawa wa kuketi wenye wahudumu. Mikahawa ya makampuni makubwa yenye tawi kila mji tumeiacha nje, maana huko unachokula Chicago ndicho utakachokula Houston.

## Vigezo

Bei kamili. Bei iliyoandikwa kwenye menyu siyo utakayolipa. Kwanza huongezwa kodi ya mauzo: New York City ni asilimia 8.875, Houston na San Antonio 8.25, Philadelphia 8, Washington, D.C. ni 10 kwa chakula cha mgahawani, na Portland ya Oregon haina kabisa. Kisha inakuja bakshishi. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bakshishi za wateja zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Majimbo kama Texas na Louisiana yanafuata kiwango hicho; California inataka mhudumu alipwe mshahara kamili. Lakini desturi ya bakshishi iko kote. Kwa hiyo mezani asilimia 18 hadi 20 ni sehemu ya bei, na kuiacha ni kumnyima mtu ujira wake.

Muda. Tunahesabu tangu unapofika hadi unapomaliza kula, foleni ikiwemo.

Ladha ya mahali. Je, chakula hicho ni cha mji huo kweli, na wenyeji wenyewe wanakila hapo?

Kilichomo. Je, unaweza kupata jibu la kuaminika kuhusu nguruwe, pombe, uchinjaji au mzio? Kigezo hiki tumekipa uzito, kwa sababu nguruwe yumo katika vyakula vingi vya asili vya Marekani hata pale ambapo jina halimtaji. Maharage mekundu ya New Orleans, yanayopikwa Jumatatu, hutiwa soseji au mfupa wa nguruwe. Mboga za majani za majimbo ya kusini huchemshwa pamoja na nyama yake iliyokaushwa kwa moshi. Maharage ya kupondwa kwenye migahawa ya Kimeksiko mara nyingi hukaangwa kwa mafuta yake. Hata supu nzito ya kombe ya pwani huanza na vipande vya nguruwe vilivyokaangwa sufuriani.

Kwa nani. Msafiri wa namna gani atafurahia njia hiyo, na nani itamchosha.

## Gari la chakula na mkokoteni

Bei kamili. Hii ndiyo njia ya bei nafuu. Taco moja, yaani chapati ndogo ya mahindi yenye nyama, Los Angeles huwa dola 2 hadi 4, na mtu mzima hushiba kwa tatu au nne. Kwenye magari mengi kodi imeshaingizwa kwenye bei. Bakshishi ni hiari: dola 1 au 2 kwenye kopo inatosha. Tatizo la mgeni ni namna ya kulipa. Wauzaji wengi hupokea Venmo au Zelle, programu za simu za kutumiana pesa, ambazo zinahitaji akaunti ya benki ya Marekani, na wengine hawana mashine ya kadi. Tembea na noti za dola 1, 5 na 10. Noti ya 100 wataikataa.

Muda. Dakika tano hadi kumi na tano. Magari ya katikati ya mji hufanya kazi saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, wakati wa chakula cha wafanyakazi wa ofisini. Yale ya taco za Los Angeles huchangamka jioni na kuendelea hadi baada ya saa sita usiku. Gari linaweza kuhama, kwa hiyo tazama ukurasa wake wa Instagram siku hiyo hiyo kabla ya kulipa nauli ya kwenda kulitafuta. Hakuna choo, mara nyingi hakuna kiti, na mvua ikinyesha hakuna paa.

Ladha ya mahali. Kwa Los Angeles ni juu sana; gari la taco ni chakula cha mji huo kama ulivyo. Tazama gari linalouza al pastor: nyama imepangwa tabaka kwa tabaka kwenye chuma kinachozunguka wima, nyekundu kwa viungo, na nanasi limechomekwa juu. Mpishi anakata vipande vyembamba vinavyoangukia moja kwa moja kwenye tortilla mbili ndogo za mahindi zilizopandana, kisha anarusha kipande cha nanasi juu yake. Tortilla ni mbili kwa sababu mchuzi huilowesha ya kwanza ikachanika. Kitunguu, majani ya giligilani, figili, ndimu na michuzi ya pilipili unajiwekea mwenyewe. Usiamini rangi: mchuzi wa kijani mara nyingine ni mkali kuliko mwekundu. Weka tone, onja, ndipo uongeze.

Upande wa New York, mkokoteni wa kuku na wali ndio mlo wa mtaani unaojulikana zaidi. The Halal Guys, pale kona ya West 53rd Street na Sixth Avenue, walianza mwaka 1990 wakiuza hot dog, wakageukia kuku, nyama na wali baada ya kuona madereva Waislamu wa teksi wanatafuta mlo wa halali wa kushibisha. Mchuzi mweupe jimwagie utakavyo. Mwekundu uguse kwa ncha ya uma.

Kilichomo. Hapa kuna mtego. Chuma cha al pastor kinafanana na shawarma kwa sababu ndiyo asili yake: wahamiaji kutoka Lebanon waliipeleka Meksiko, na huko nyama ikawa ya nguruwe. Anayeiona kwa mbali na kudhani ni kondoo amekosea. Kariri majina haya: pastor, carnitas, chorizo, buche na chicharrón kwa kawaida ni nguruwe, asada ni ng'ombe, pollo ni kuku, lengua ni ulimi wa ng'ombe. Birria huwa ya ng'ombe au mbuzi, uliza kama ni res au chivo. Hata ukichagua kuku, sahani ya chuma ya kukaangia ni moja kwa nyama zote, na muuzaji mwenye foleni ya watu ishirini hana nafasi ya kukuoshea. Mwenye mzio mkali wa chakula hatufikirii hapa panamfaa. Kuhusu usafi, New York hutoa herufi kwa mikahawa na kwa mikokoteni pia, na A ndiyo ya juu. Itafute kwenye kioo au ubavuni.

Kwa nani. Mtu mmoja au wawili, wenye miguu ya kutembea, wasiosumbuka kula wamesimama, na wanaotaka kuonja vitu vitatu usiku mmoja bila kutumia dola 40.

## Soko la ndani

Bei kamili. Dola 12 hadi 20 kwa mtu, kodi juu yake. Bakshishi si lazima, ila karibu kila kibanda sasa kina skrini ya kulipia inayopendekeza asilimia 18, 20 na 25. Ukipewa tu kipande cha keki ndani ya mfuko, kubonyeza "No Tip" si utovu wa adabu. Kuna vibanda visivyopokea noti na vingine visivyopokea kadi chini ya kiasi fulani, basi beba vyote viwili.

Muda. Kuagiza ni haraka, kupata kiti ni kazi. Reading Terminal Market ya Philadelphia, iliyofunguliwa 1893 chini ya kituo cha reli, hujaa kuanzia saa sita mchana hadi saa saba na nusu; ukifika saa nne na nusu asubuhi unakula kwa utulivu. Mkiwa wawili, mmoja ashike meza, mwingine apange foleni. Wafanyabiashara wa Kiamish, jumuiya ya Kikristo inayoshika desturi za kale, wanaouza donati, mikate na kifungua kinywa huko hawafungui Jumapili, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea, kwani Jumapili ndiyo siku waliyotenga kwa soko.

Ladha ya mahali. Inategemea ni soko gani. Pike Place ya Seattle ya mwaka 1907, Grand Central Market ya Los Angeles ya 1917 na Findlay Market ya Cincinnati ni masoko yaliyolisha miji yao kwa vizazi. Lakini kuna kumbi mpya zinazoitwa masoko ambazo ni mkusanyiko tu wa vibanda vya vyakula vya mtindo. Kipimo chetu ni chepesi: angalia kama kuna mtu anayenunua samaki mbichi, kitunguu au nyama ya kupeleka nyumbani. Akiwepo, hilo ni soko.

Kilichomo. Afadhali kuliko gari. Unaona chakula kikipikwa, unaweza kuhama kibanda usiporidhika, na siku zote kuna tunda, mkate, jibini au samaki. Minneapolis, yenye jamii kubwa ya Wasomali, ina sambusa na wali wa nyama ya mbuzi wa halali. Huhitaji hata kueleza unachouliza.

Kwa nani. Familia na makundi yasiyokubaliana. Mmoja anataka samaki, mtoto anataka pizza, bibi hataki nyama yoyote, na wote wanakaa meza moja.

## Duka la kaunta

Hapa ndipo vyakula vingi vinavyoutambulisha mji wa Marekani vilipozaliwa, na ndipo mgeni anapohitaji maandalizi zaidi, maana kila duka lina utaratibu wake na foleni nyuma yako haikusubiri.

Bei kamili. Dola 12 hadi 30. Bakshishi ni kidogo, dola moja au mbili, au hakuna. Tofauti kubwa ya bei inatokana na namna unavyoagiza, na mfano bora ni nyama ya moshi ya Texas.

Nyama hii huuzwa kwa uzito, kama unavyoagiza nyama choma kwa kilo, ila kipimo ni pauni. Nusu pauni ni gramu 227, na inamtosha mtu mmoja pamoja na mkate na achari. Kidari cha ng'ombe, kinachoitwa brisket, kwenye duka zuri huwa kati ya dola 28 na 38 kwa pauni. Tuseme ni 34: nusu pauni ni dola 17, kibakuli cha pembeni dola 4, jumla 21, na kodi ya asilimia 8.25 inaifikisha 22.73. Sasa mgeni anaona ubavu mmoja wa ng'ombe, mkubwa na mweusi kwa moshi, anasema "nipe na huo mmoja". Ubavu huo una uzito wa pauni moja au zaidi, na peke yake unaweza kuzidi dola 40. Kabla ya kukubali, mwambie mkataji aupime na akutajie bei. Hakuna atakayekushangaa.

Mkataji atakuuliza "lean" au "moist". Ya kwanza ni upande mkavu usio na mafuta. Ya pili ni upande wenye mafuta, laini zaidi, na ndio wenye ladha inayofanya watu wapange foleni. Omba vipande kutoka pande zote mbili uone mwenyewe. Nyama iliyopikwa sawasawa hukatika ukiivuta kwa vidole lakini haimomonyoki yenyewe. Ikimomonyoka imepita kiasi, na ikiwa kama mpira haikukaa motoni vya kutosha.

Muda. Hapa ndipo kaunta inapowashinda wengi. Kidari huchukua saa kumi na mbili au zaidi kwenye moshi wa mti wa mwaloni, kwa hiyo kilichopikwa usiku ndicho kitakachouzwa, na kikiisha hakuna kingine hadi kesho. Franklin Barbecue ya Austin, iliyoanza 2009, hufungua saa tano asubuhi, na watu huanza kupanga foleni alfajiri. Anayefika saa saba mchana anaweza kukuta kibao cha kuisha. Asiyeweza kutoa asubuhi nzima aende Lockhart, mji mdogo ulio kama kilomita 50 kusini mwa Austin, kwenye maduka ya zamani kama Kreuz Market ya 1900 na Black's ya 1932. Huko foleni huwa ya kuvumilika, hasa siku za kazi.

Katz's ya New York, iliyopo tangu 1888, ina utaratibu mwingine. Ukiingia unapewa tiketi ya karatasi. Usiitupe: mkataji anaandika juu yake ulichochukua, unalipa ukitoka, na ukiipoteza unatozwa dola 50. Kila mtu kwenye kundi ana yake, na zote zirudishwe hata ambazo hazikuandikwa kitu. Unasimama mbele ya mkataji mmoja, si katikati ya wawili, unaagiza pastrami, nyama ya ng'ombe ya viungo na moshi, kwenye mkate wa rye na haradali. Atakukatia kipande cha kuonja; ni desturi kumwekea dola moja au mbili kwenye kopo lake. Sandwichi moja inawatosha watu wawili wasio na njaa kali.

Philadelphia, kwenye madirisha ya cheesesteak, ule mkate wa vipande vya nyama ya ng'ombe na jibini, unatakiwa uwe umeamua aina ya jibini na kama unataka kitunguu kabla hujafika mbele, pesa ziko mkononi. Pat's, iliyoanzishwa 1930, na Geno's ya 1966 zinatazamana kwenye kona ya 9th Street na Passyunk Avenue na ndiko watalii wanakokwenda. Wenyeji wengi wana duka lao la mtaani wanalolitetea kuliko hizo mbili, na tunaona wana haki.

Chicago utaulizwa maswali mawili kuhusu Italian beef, mkate wa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi. La kwanza: mkate uwe mkavu, ulowe kidogo, au uchovywe wote ndani ya mchuzi. La pili: pilipili tamu au giardiniera, yaani achari kali ya mboga. Ukichagua wa kuchovya, kula pale pale, umesimama na viwiko juu ya kaunta na miguu nyuma, la sivyo mchuzi wote ni wa shati. Usiuchukue kwenda nao hotelini. Baada ya dakika kumi mkate umegeuka uji.

Ladha ya mahali. Juu kabisa kwa Texas, Philadelphia, Chicago na New York. Maduka mengi hapa hupika kitu kimoja au viwili tu kwa miongo mingi, na ujuzi huo unaonekana kwenye mkate.

Kilichomo. Mchanganyiko. Kidari cha Texas kwa kawaida hutiwa chumvi na pilipili manga tu, kwa hiyo anayeepuka nguruwe tu yuko salama, ila kisu na ubao ni vile vile vya mbavu za nguruwe. Soseji mara nyingi huwa na nguruwe ndani yake, na maharage nayo huwekwa nyama. Hot dog ya Chicago kwa desturi ni ng'ombe mtupu, lakini ng'ombe mtupu si halali kwa mwenye kuangalia uchinjaji. Kinyume chake, half-smoke, soseji ya Washington, kwa asili ina nguruwe. Philadelphia ina Waislamu wengi na maduka kadhaa ya cheesesteak ya halali. Tafuta kwa neno hilo kwenye ramani ya simu, kisha uliza dukani kama nyama ni zabiha, neno linalotumiwa huko kwa iliyochinjwa kwa mkono.

Kwa nani. Mwenye kitu kimoja mahususi anachotaka kula katika mji huo, na aliye tayari kupanga siku yake kukizunguka. Humchosha mwenye watoto wadogo na asiyeweza kusimama muda mrefu.

## Meza yenye mhudumu

Bei kamili. Tuchukue Houston: chakula dola 24, kinywaji 4, jumla 28. Kodi 2.31. Bakshishi ya asilimia 20 ni 5.60. Unalipa 35.91. Ongeza takribani asilimia 28 juu ya menyu kila unapotazama bei, na hutashtuka. Kabla ya kuandika bakshishi, soma bili mstari kwa mstari: ukikuta maneno gratuity au service charge, imeshakatwa, jambo la kawaida kwa makundi ya watu sita na zaidi. Wasiosoma hulipa mara mbili.

Malipo yenyewe yana hatua zake. Mhudumu anachukua kadi yako na kuondoka nayo, anarudi na karatasi mbili. Kwenye ile ya duka unaandika bakshishi, unajumlisha, unatia sahihi na kuiacha mezani. Ujumbe wa benki utaonyesha kwanza kiasi bila bakshishi, na siku moja au mbili baadaye kitapanda. Huo si wizi, ila picha ya karatasi uliyoijaza itakusaidia wakikosea.

Njia ya kupunguza gharama ni kwenda mchana, kwani mikahawa mingi ya heshima ina menyu nafuu ya saa hizo. Maji ya bomba yenye barafu ni ya bure, na sahani moja kubwa mnaweza kugawana. Kuomba boksi la kufungia kilichobaki ni desturi ya kila mtu. Lakini chakula kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, au saa moja ikiwa joto limezidi nyuzi 32. Ukienda kutembea na boksi kwenye jua la New Orleans, usilile usiku.

Muda. Saa moja hadi mbili. Mikahawa inayotafutwa huwekewa nafasi kwa programu kama Resy au OpenTable, na kutofika bila taarifa kunaweza kukatwa kwenye kadi. Pizza nene ya Chicago yenyewe hukaa tanuuni nusu saa au zaidi. Piga simu uagize kabla hujafika. Na kumbuka Wamarekani hula mapema: majiko mengi huzimwa saa tatu au nne usiku, na Jumatatu mikahawa mingi haifungui.

Ladha ya mahali. Kuna vyakula ambavyo bila meza hutavipata vizuri. Gumbo, mchuzi mzito wa New Orleans, huanza kwa kukaanga unga na mafuta polepole, mpishi akikoroga bila kuacha hadi rangi iwe ya hudhurungi iliyokolea. Akiuacha dakika moja ukaungua, sufuria yote inatupwa. Kisha kitunguu, seleri na pilipili hoho, halafu kamba, kaa au kuku, pengine na bamia, zao lililofika huko pamoja na watu kutoka Afrika. Mkahawa wa Dooky Chase's, uliopo tangu 1941, ulipikiwa kwa miaka mingi na Leah Chase, aliyefariki 2019, na viongozi wa harakati za haki za Wamarekani weusi walikutana ghorofani kwake wakati sheria zilikataza weupe na weusi kuketi meza moja. Ukitaka chakula na historia ya mji kwa pamoja, anzia hapo. Commander's Palace ya 1893 ni ya mapambo zaidi: kaptura na ndala haziingii.

Washington, mikahawa ya Waethiopia imekuwa sehemu ya mji. Injera na mchuzi huko ni chakula cha mahali sawa na half-smoke, na sinia moja hulisha wawili.

Kilichomo. Hapa ndipo majibu yanapopatikana. Mhudumu ana wajibu wa kwenda jikoni kuuliza, na swali lako liwe la kitu halisi: "Je, gumbo hii ina andouille au mchuzi wa nguruwe?" Ukiuliza tu kama ni ya samaki utajibiwa ndiyo, na soseji itakuwemo. Uliza pia samaki wa kukaanga kama unga umechanganywa na bia. Ukiagiza nyama au baga utaulizwa iive kiasi gani. Asiyependa damu aseme "well done" waziwazi, maana wasipoambiwa wataacha katikati ikiwa nyekundu. Mikahawa ya Kiethiopia huwa haipiki nguruwe, na ina sahani kamili za mboga za siku za kufunga.

Kwa nani. Anayetaka kuzungumza, kupumzika na kuuliza, mwenye mzio, na anayesherehekea jambo.

## Kulingana na hali yako

Una saa tano tu za kusubiri ndege, mzigo uko mkononi: soko, kama liko kwenye njia ya treni. Philadelphia ni rahisi kwa hili, kwa kuwa Reading Terminal iko hatua chache kutoka kituo cha Jefferson, na treni ya uwanja wa ndege inasimama hapo.

Bajeti yako ni dola 40 kwa siku: kifungua kinywa cha matunda na mkate kutoka sokoni au dukani, mchana kaunta, usiku gari. Meza ya mhudumu iweke siku moja, mchana.

Unashika masharti ya halali kikamilifu: usianze na chakula cha mji, anza na mtaa. Dearborn, kando ya Detroit, ina migahawa ya Walebanoni na Wayemeni mtaa baada ya mtaa. New York ina mikokoteni, Minneapolis ina Wasomali, Philadelphia ina cheesesteak. New Orleans itakubana zaidi. Huko chagua chaza wa kuchoma na samaki wa kuchoma, na uulize kuhusu siagi na soseji kila mara.

Uko na watoto wawili na mzee: soko mchana, meza saa kumi na moja jioni kabla ya msongamano. Foleni ya nyama ya moshi waachie wengine, au tafuta duka linalopokea oda ya mapema kwa mtandao. Mengi huuza kuanzia pauni kadhaa, basi hakikisha mko wa kutosha kuzimaliza.

Uko peke yako na hupendi kukaa meza ya watu wanne: kaunta, au kiti cha baa kwenye mgahawa wa kuketi. Kwenye kiti hicho menyu mara nyingi ni ile ile ya ukumbini na huhitaji kuweka nafasi. Usiyekunywa agiza maji ya soda na ndimu, na bakshishi ibaki asilimia ile ile.

Umefika Jumapili usiku na unaondoka Jumanne asubuhi: piga simu leo. Jumatatu ndiyo siku mikahawa mingi na baadhi ya maduka ya nyama hufunga, na saa zilizoandikwa kwenye ramani ya simu mara nyingi zimepitwa na wakati. Ukikuta kote kumefungwa Los Angeles, magari ya taco yatakuwa barabarani. New Orleans, Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali, na duka la kaunta la mtaani litakuwa na sufuria jikoni tangu asubuhi. Kwa asiyekula nguruwe, po'boy ya kamba iko kwenye ubao huo huo.